Pipa jeusi, ndoo nyeupe: rangi ya chombo na msimu vinamwongozaje mbu wa dengi?

Mkaguzi wa Uani

Wakuu, habari za jioni.

Tangu mvua zianze kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba mbu hatagi kwenye chombo cheupe, kwa hiyo watu wapake ndoo na mapipa yao rangi nyeupe, dengi itakwisha. Shangazi kanitumia, jirani kanitumia, jana nikaukuta tena kwenye kundi la wazazi wa shule. Ukweli umo ndani yake, ila umegeuzwa miguu juu kichwa chini, na anayeufuata ulivyo anaweza kufuga viluwiluwi jikoni kwake huku roho imetulia.

Nimewahi kufanya kazi ya kupita nyumba kwa nyumba hapa Dar kukagua mazalia ya mbu. Nitaandika niliyoyaona pamoja na yale ambayo wataalamu wa wadudu waliyathibitisha zamani. Uzi ni mrefu, mwenye chai achukue chai.

Tuanze kwa kujua tunamsema mbu gani. Wa dengi ni Aedes aegypti, yule mdogo mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayekuuma kwenye kifundo cha mguu asubuhi unapiga mswaki uani, na tena alasiri kabla jua halijazama. Wa malaria ni mwingine, na anayekuimbia sikioni usiku kucha ni mwingine pia. Kila mmoja ana mahali pake pa kutagia, na ushauri wa mmoja ukiuhamishia kwa mwenzake unapotea njia.

Kwa kuwa Aedes ni mbu wa mchana, jike akishashiba damu hutafuta pa kutagia kwa macho. Asili yake ni misitu ya Afrika. Huko alitaga kwenye tundu la mti lililojaa maji ya mvua na majani yaliyooza, na tundu la mti ukilitazama kwa mbali ni doa jeusi. Alipohamia kwa binadamu hakuacha mazoea: bado macho yake yanavutwa na kitu cheusi chenye giza ndani. Ukimtegea makopo mawili jirani, moja jeusi na moja jeupe, maji yale yale, kivuli kile kile, mayai mengi utayakuta kwenye jeusi. Jekundu nalo analipenda, kwa sababu macho yake hayanasi vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo kwake ni giza tu. Nyeupe na njano huja mwisho. Harufu nayo ina kazi yake: maji yaliyolowekewa majani makavu yanamvuta kuliko maji safi yaliyotoka bombani sasa hivi.

Hili si jambo jipya. Miaka ya 1960 Wamarekani walipoanzisha mradi wa kumtokomeza mbu huyu kwao, wakaguzi walitega mitungi midogo ya kioo iliyopakwa rangi nyeusi, ndani wakasimamisha kipande cha ubao chenye uso wa kukwaruza. Mbu anakuja, anataga kwenye ubao, mkaguzi anachukua ubao na kuhesabu mayai. Leo Singapore wana mitego yao kwenye korido za maghorofa, nayo ni myeusi. Sijaona anayetega kwa chombo cheupe.

Sasa kasoro ya ule ujumbe. Majaribio yote hayo ya rangi yanampa mbu nafasi ya kuchagua. Mpe jeusi na jeupe, ataenda kwenye jeusi. Mwondolee jeusi, atataga kwenye jeupe bila kusita. Mwenye uchungu wa kujifungua hachagui wodi. Nimefunua ndoo nyeupe nyingi sana, zile za rangi ya ukutani za lita 20 ambazo kila nyumba ya kupanga inazo, nikakuta viluwiluwi vinacheza ndani kama kawaida, kwa sababu uani pale hapakuwa na chombo kingine chenye maji.

Tena hatagi yote mahali pamoja. Kwa mkupuo mmoja anaweza kuwa na mayai karibu 100, na huyagawa: machache hapa, machache kule, chombo kimoja kikiharibika vingine vibaki. Kwa hiyo ukiondoa pipa moja jeusi ukadhani umemaliza, hujamaliza.

Ukitaka kuyaona mayai yenyewe, usiangalie maji. Angalia ukuta wa ndani wa ndoo, kidole kimoja juu ya mstari wa maji, pale panapokaa unyevu. Yamebandikwa hapo moja moja, membamba, hayafiki milimita moja. Yakitagwa huwa meupe, baada ya saa chache yanakuwa meusi yanayong'aa. Kwenye ndoo nyeupe unayaona kwa macho yako mawili ukiinama vizuri. Kwenye pipa jeusi utayapita ukidhani ni uchafu. Mimi naona hiyo ndiyo faida ya chombo cheupe: kinakusaidia wewe kuona. Mbu hakimzuii.

Halafu mayai hayo hayafi yakikauka. Yanakaa miezi, mengine nusu mwaka na zaidi, yanasubiri maji. Unamwaga ndoo, unaianika juani, unaiweka stoo. Siku unaijaza tena, maji yanapanda hadi pale yalipobandikwa, yanaanguliwa. Kumwaga peke yake hakutoshi, lazima usugue ukuta wa ndani kwa brashi au dodoki na sabuni.

Habari ya msimu nakuja nayo, ngoja nipumue.

Chokochoko

Uzi bila picha ni umbea. Weka picha ya mayai tuyaone.

Mama Watatu

Kaka asante kwa elimu, lakini umenichanganya. Nina diaba jeusi kubwa uani, ndilo tunalotegemea maji yakikatika. Nipake rangi nyeupe au nisipake? Nijibu neno moja tu.

Mkaguzi wa Uani

Chokochoko, simu yangu na kamera yake haioni hata sura yangu vizuri, itaona yai la mbu? Chukua tochi uende uani kwako.

Mama Watatu, usipake. Rangi ikibanduka mtainywa. Weka kifuniko kinachobana. Kama hakipo, tandaza kipande cha chandarua cha zamani au kanga juu ya mdomo, funga kwa mpira wa baiskeli ukazike. Angalia jambo moja: kitambaa kisilegee kikagusa maji. Kikilowa, mbu anataga juu ya kitambaa chenyewe, na hapo umemtandikia. Mara moja kwa wiki maji yakiwa yamepungua, sugua ukuta wa ndani kuanzia juu hadi yalipo maji.

Kaa la Moto

Mkuu mimi sikubaliani. Simtanki karibu zote za jiji hili ni nyeusi, zimejaa juu ya mapaa na kwenye minara. Kwa hoja yako Dar nzima ingekuwa imeshalazwa. Hizi nadharia za wazungu zina mwisho wake.

Mkaguzi wa Uani

Hoja nzuri, na jibu lake ni rahisi. Simtanki ni jeusi ili mwanga usipenye, maana mwanga ukipenya maji yanaota ukijani. Lakini lina kifuniko cha kuzungusha. Chombo kilichofungwa hata kiwe cheusi namna gani mbu haingii. Shida huanza pale fundi alipopanda kusafisha akaacha kifuniko wazi, au kimepasuka kwa jua, au bomba la kumwagia maji ya ziada halina wavu. Tanki la namna hiyo ni kiwanda. Na usisahau kuangalia chini ya tanki, kwenye bomba linalovuja ambapo watu wameweka kopo kukinga matone. Kopo lile nimelikuta na viluwiluwi mara nyingi kuliko tanki lenyewe.

Kuhusu wazungu: mbu mwenyewe ni wa kwetu, mkuu. Wao walipelekewa kwa meli.

Sasa msimu.

Masika yakianza, uani panajaa vyombo ambavyo hakuna aliyeviweka kwa nia ya kutunza maji: makopo, vifuu vya nazi, vikombe vya plastiki vya sherehe, mifuko iliyokunjana, ndoo iliyovunjika mdomo, gata lililoziba majani, na mfalme wao wote, tairi. Hapo mbu ana uchaguzi mpana, na rangi inakuwa na nguvu kweli. Ukikagua uani masika, anza na vyeusi vilivyo kivulini, kisha vyekundu, mwisho vyeupe, utaokoa muda. Nilikuwa nafanya hivyo na sikuwa napotea sana.

Kiangazi mambo yanageuka. Makopo yamekauka, vifuu vimekauka. Kilichobaki na maji ni kile ambacho binadamu anakijaza kwa mkono wake: diaba, ndoo ya chooni, dumu lililokatwa mdomo, maji ya ujenzi, kisahani cha chini ya chungu cha maua, trei ya nyuma ya friji ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Hapo rangi haina usemi tena, kwa sababu hakuna cha kuchagua. Ndoo nyeupe ya bafuni iliyodharauliwa masika nzima ndiyo inayobeba kizazi cha kiangazi. Na maji yakiwa ya mgao watu wanahifadhi mengi zaidi, kwa hiyo ukame wa bomba unamlisha mbu sawasawa na mvua. Hili watu hawalitaki kulisikia kwa sababu wanaamini mbu ni mali ya mvua.

Joto nalo lina hesabu yake. Kwa joto la Dar, yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi. Kukipoa anachelewa, na maji yakishuka chini ya nyuzi 15 hivi hapigi hatua ya maana. Chombo cheusi kinanyonya joto, kwa hiyo Juni na Julai, kipupwe, kopo jeusi linaloguswa na jua kidogo linamkuza haraka kuliko jeupe lililo kando yake. Lakini kopo hilo hilo liache juani Januari mchana kutwa: maji machache yanachemka, yakigonga nyuzi 40 viluwiluwi vinakufa, au maji yanakauka kabla havijakua. Ndiyo maana sikuwa nahangaika sana na mabati na sufuria nyeusi zilizo uwanjani wazi Januari. Nilikuwa naenda chini ya mwembe, nyuma ya choo, chini ya ngazi. Rangi bila kivuli ni nusu ya habari.

Mvua nazo si zote zinamsaidia. Mvua kubwa ya kutwa nzima inafurika makopo na kumwaga viluwiluwi nje. Inayomfaa ni ile ya kunyesha usiku, jua asubuhi, manyunyu kesho kutwa.

Sasa unganisha na yale mayai yasiyokufa kwa ukavu. Yaliyotagwa mwishoni mwa masika kwenye kifuu au tairi yanaweza kulala hapo kipupwe chote. Vuli ikipiga mvua ya kwanza ya maana, Oktoba au Novemba, yanaanguliwa kwa mkupuo, na wiki mbili haziishi uani hapakaliki. Watu wanasema mbu wameletwa na mvua. Walikuwepo. Ndiyo sababu kazi ya kukusanya makopo inafaa ifanyike kiangazi, makopo yakiwa makavu, kabla hata wingu halijaonekana. Angalieni milipuko ya Dar ya 2014 na 2019: yote ilipamba moto masika yakiwa yanaelekea ukingoni, na 2019 waliothibitishwa nchini walipita 6,000, wengi wao wa Dar. Kampeni za usafi nyingi huja wakati huo huo, watu wameshajaa hospitali, wakati mayai yaliyoanzisha yote yalikuwa yamekaa makavu kwenye makopo tangu mwaka jana.

Mpwani wa Kisauni

Shukran sana ndugu, hapa umegusa penyewe. Mimi niko Mombasa, na 2017 kuingia 2018 tuliumwa na dengi na chikungunya karibu kwa pamoja. Mwili ukikaa hausimami, ukisimama hauketi. Bibi yangu alitembea kwa kuinama wiki nyingi.

Nataka kuuliza habari ya mitungi ya udongo. Kule Rabai kwa wazee wetu maji ya kunywa yalikuwa hukaa ndani ya nyumba, mtungi pembeni kizani. Nilisikia kuna wataalamu walikwenda kule kuangalia mbu wa mitungi. Ni kweli?

Mkaguzi wa Uani

Ni kweli kabisa ndugu yangu, na Rabai ni jina kubwa duniani kwa watu wa mbu. Miaka ya 1970 watafiti walikuta pale Aedes aegypti wa namna mbili wanaishi kijiji kimoja. Mmoja mweusi zaidi, wa msituni, anataga kwenye matundu ya miti. Mwingine wa rangi ya kahawia, anaishi ndani ya nyumba na anataga kwenye mitungi ya maji. Mwaka 2014 watafiti wengine wakachapisha utafiti uliotumia mbu wa huko huko kuonyesha kwamba yule wa nyumbani anaipenda harufu ya binadamu kuliko ya mnyama, na wakaonyesha kinachochangia kwenye vipokezi vyake vya harufu.

Tazama sasa mtungi ulivyo. Nje ni kahawia au mwekundu wa udongo, lakini mbu hatagi nje. Anautazama kwa juu, anaona mdomo mwembamba na giza tupu ndani. Ukipaka mtungi chokaa nje hujabadilisha kitu. Ukuta wake wa ndani unakwaruza na unanyonya maji, kwa hiyo unyevu unapanda juu ya mstari wa maji, na mayai yanapata pa kushika. Chombo cha plastiki laini kinampa kazi zaidi kidogo. Sementi, udongo na mbao vinampa raha.

Kwa hiyo mtu akikuuliza rangi, muulize rangi ya ndani au ya nje.

Mzee wa Wete

Assalaam aleikum. Nimefuatilia kimya kimya. Ongezeni na hili: sisi huku Pemba tuna mbu aliyepewa jina la kisiwa chetu, Aedes pembaensis, ambaye hana haja na ndoo zenu za rangi yoyote. Yeye anaishi kwenye mashimo ya kaa kandokando ya mikoko, na mayai anayabandika kwenye miguu ya kaa mwenyewe. Kaa anaposhuka shimoni, anashuka nayo hadi majini.

Chokochoko

Mzee hii ni kali. Yaani kaa anabebeshwa watoto wa watu bila kuulizwa.

Mkaguzi wa Uani

Waaleikum salaam mzee wangu. Shikamoo, na asante, hilo ni kweli na linafaa kukumbukwa. Yule hana dengi ya kutisha kama huyu wa uani, lakini ukikaa ufukweni jioni anakukumbusha kuwa yupo.

Na kwa kuwa tumefika visiwani: Makunduchi, Unguja, miaka ya mwisho ya 1980 walimwaga punje nyepesi nyeupe za plastiki kwenye vyoo vya shimo, zikaelea na kuziba uso wa maji, na mbu wa usiku aina ya Culex wakapungua sana. Punje zilikuwa nyeupe, lakini kilichofanya kazi ni kwamba uso wa maji umezibwa: jike hapati pa kutagia na kiluwiluwi hapati pa kuvutia hewa. Culex anataga usiku, anafuata harufu ya maji machafu. Huyo ukimletea mjadala wa rangi atakucheka.

Dodoma Kavu

Wakuu, sisi huku dengi hatuisikii sana ila malaria tunayo. Je, haya ya rangi yanatuhusu? Na kiangazi huku ni kirefu kweli kweli.

Mkaguzi wa Uani

Kwa malaria tuliyoizoea, kidogo sana. Anopheles gambiae anataga kwenye madimbwi yaliyo wazi juani: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu barabarani, mashimo ya kufyatulia tofali. Mayai yake hayavumilii ukavu wa miezi kama ya Aedes, ndiyo maana kiangazi chenu kirefu kinampunguza. Anopheles funestus yeye anapenda maji ya kudumu yenye majani, kandokando ya mabwawa na mito, kwa hiyo anaendelea hata mvua zikikata.

Lakini kuna mgeni anayefaa kumsikiliza: Anopheles stephensi, kutoka Asia. Djibouti alionekana 2012, kisha Ethiopia na Sudan, Somalia, na Kenya akapatikana Marsabit mwishoni mwa 2022. Huyu ni mbu wa malaria mwenye tabia za mbu wa dengi: anazaliana mjini, kwenye matanki na mapipa ya maji, na kiangazi anaendelea kwa sababu watu wanahifadhi maji. Djibouti ilikuwa karibu kuaga malaria, 2012 waliripoti wagonjwa 27 tu. Mwaka 2020 wakaripoti zaidi ya 70,000. Kwa hiyo mtu wa Dodoma mwenye tanki la kuvunia maji ya mvua, funika sasa. Kifuniko kinawazuia wote wawili.

Kaa la Moto

Sawa, hapo nimekuelewa. Sasa kama anapenda jeusi, si tumtegee? Badala ya kukimbia rangi, tuitumie.

Mkaguzi wa Uani

Hapo umefika mkuu, na ndilo nililotaka watu walione. Rangi nyeusi ni chambo. Chukua kopo la lita moja, lipake rangi nyeusi nje na ndani, au kata dumu jeusi la oili ulioshe mpaka harufu iishe kabisa. Toboa tundu robo tatu ya urefu ili mvua isiyafurishe maji. Tia maji uliyoloweka majani makavu ya nyasi siku chache. Ndani simamisha kipande cha kitambaa kigumu cheupe au ubao, nusu ndani ya maji, nusu nje. Weka kivulini, chini, mbali na upepo. Baada ya siku tano au sita toa kitambaa ukichome, mwaga maji kwenye mchanga mkavu, sugua kopo, anza upya.

Onyo: ukisahau ukapitisha siku saba, umefuga. Mtu anayesafiri safiri asijaribu. Na mtego huu haufuti mbu wa mtaa mzima. Jirani akiwa na diaba wazi atakujazia upya. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha kama mbu yupo na msimu umeanza, kwa sababu mayai kwenye kitambaa cheupe yanaonekana kabla hujaanza kuumwa.

Mama Watatu

Kwa hiyo kopo jeusi, kitambaa cheupe. Nimeelewa sasa mambo ya rangi. Kesho nawaita na wapangaji wenzangu, maana hapa kila mtu ana ndoo yake na hakuna anayegusa ya mwenzake.

Fundi Tairi

Mkuu mimi nimesoma uzi wote nimekaa juu ya ushahidi. Nina kijiwe cha kuziba pancha na matairi chakavu yamelundikana nyuma, mengine nauza kwa watu wa kuchonga kandambili, mengine ya kufungia mapipa. Masika namwagia oili chafu ndani. Inatosha?

Mkaguzi wa Uani

Fundi, oili inaua kwa sababu viluwiluwi vinakuja juu kuvuta hewa na utando wa oili unawabana. Lakini mvua ya pili inaifurisha, inaingia kwenye udongo na kisima cha jirani. Na kwenye tairi maji hukaa pembeni mwa mzunguko wa ndani, unamwagia upande mmoja upande wa pili unabaki.

Tairi ni jeusi, lina kivuli lenyewe, linakusanya majani, na hata ukiligeuza vipi maji hayatoki yote. Mbu akiomba nyumba ajengewe, ataomba hiyo. Kama una paa au turubai, yapange ndani yakiwa makavu, hapo hayana shida hata yawe mia. Yanayobaki nje yatoboe.

Fundi Tairi

Nitoboe wapi? Yale ya kuuza kwa wachonga kandambili nikitoboa ovyo yanashuka bei.

Mkaguzi wa Uani

Toboa kwenye ukuta wa pembeni, karibu na sehemu ya kukanyagia, maana wachonga kandambili wanataka ile ya kukanyagia nzima. Yakilazwa chini kama mnavyolaza, matundu yatazame ardhi, mawili matatu kwa kila tairi kuzunguka duara, makubwa ya kupitisha kidole ili majani yasizibe. Yale ya kufungia mapipa kata kabisa vipande sasa hivi, usisubiri mteja. Na yale ambayo hayauziki yajaze mchanga.

Fundi Tairi

Drili ninayo. Jumapili hakuna wateja, naanza na yale ya nyuma ya choo.